Mayai chini ya jani: maswali ya wasomaji kuhusu wadudu rafiki

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji waache kupulizia dawa kwenye tuta moja tu la mboga kwa wiki mbili, wageuze majani, kisha watuandikie walichokikuta. Barua nyingi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: haya mayai ni ya nani, na mbona mengine hayapo? Tumechagua maswali manane.

Tuyaponde au tuyaache?

*Kwenye sukuma wiki yangu kuna vishada vya mayai ya njano yaliyosimama wima kama risasi kwenye mkanda. Kwenye maboga ya jirani nimeona yanayofanana nayo kabisa. Mke wangu anasema tuponde yote tumalize kazi. Tufanyeje? – Msomaji, Lushoto*

Ya sukuma wiki myaache. Ya maboga, mwambieni jirani ayachunguze kwanza, maana huenda mkeo ana haki nusu.

Mayai ya aina hiyo hutagwa na wadudu kibibi, wale mbawakavu wa mviringo wenye mgongo mwekundu au wa njano na mabaka meusi. Wengi katika ukoo huu hula wadudu wenzao, hasa vidukari (wengine huwaita wadudu mafuta). Lakini kuna tawi moja, epilakina, ambalo halili nyama. Hao hula majani ya maboga, matango, viazi na hata mahindi, na mayai yao yanafanana na ya wawindaji kama mtu na binamu yake.

Yai la mwindaji lina urefu wa milimita moja hivi, limechongoka kidogo ncha zote mbili, na rangi yake ni njano iliyokolea au ya chungwa. Hutagwa 10 hadi 50 pamoja, yakiwa yamebanana, chini ya jani, na ukitazama vidole viwili au vitatu kutoka hapo utawakuta vidukari. Hiyo ndiyo alama kubwa kuliko zote: mama hatagi mahali ambapo watoto hawatapata chakula. Mayai ya epilakina ni makubwa kidogo, yameachiana nafasi, na mara nyingi hakuna kidukari hata mmoja karibu. Jani lenyewe litakuambia: limekwanguliwa, imebaki mishipa na ngozi nyembamba inayopitisha mwanga.

Ukiwaona wakubwa wao, kazi ni rahisi zaidi. Mwindaji ana mgongo unaong'aa kama uliopakwa vanishi. Epilakina amefifia, kwa sababu ana vinyweleo vifupi mgongo mzima. Ukibaki na shaka, ngoja yaanguliwe. Lava (mtoto anayetoka kwenye yai) wa epilakina ni wa njano, ana miiba yenye matawi, na hajishughulishi kukimbia. Lava wa mwindaji ni mweusi au kijivu, mrefu kama mamba mdogo, mara nyingi ana mabaka ya chungwa, na ana haraka kama mtu aliyechelewa basi.

Lundo la mayai lililofunikwa manyoya ya kijivu kwenye jani la mahindi ni jambo jingine. Hilo ni la kiwavijeshi vamizi. Pondeni bila kuandika barua.

Mayai yamegeuka kijivu

*Nilikata jani lenye mayai 24 ya mdudu kibibi nikaliweka kwenye chupa. Baada ya siku chache yakawa ya kijivu, nikadhani yameoza nikayatupa. Nilikosea? – Msomaji, Njombe*

Ulikosea kwa siku moja tu. Ukijivu ule ni mwili wa lava unaoonekana kupitia ganda. Kwenye joto la nyuzi 25 yai huanguliwa siku ya tatu au ya nne; kwenye baridi ya Njombe linaweza kupita wiki.

Siku nyingine chukua lenzi ukae nayo. Ganda hupasuka juu, lava hujivuta nje akiwa amepauka, miguu ikiwa bado laini, kisha huanza kuwa mweusi mbele ya macho yako. Haondoki. Anakaa juu ya maganda pamoja na nduguze kwa saa nyingi, wakati mwingine karibu siku nzima, na katika muda huo waliotangulia kutoka huwala ndugu ambao bado wako ndani ya mayai. Usiwahurumie wala usiwatenganishe. Kidukari wa kwanza atakayekutana naye anaweza kumzidi ukubwa, na mashambulizi mengi ya siku ya kwanza hushindwa. Yai moja tumboni humpa nguvu za kujaribu tena na tena. Kwa hiyo mayai 24 yakitoa lava 16, uanguaji umekwenda vizuri.

Lililobaki njano baada ya wenzake kuanguliwa halikurutubishwa. Lililosinyaa na kuwa la kahawia limekauka. Ukikuta nusu nzima ya kishada haianguliwi, mara baada ya mara, sababu inaweza kuwa ndani ya mama mwenyewe: baadhi ya wadudu kibibi, kwa mfano yule wa Ulaya mwenye madoa mawili, hubeba bakteria wanaorithiwa kutoka kwa mama na kuua viinitete vya kiume. Dada zao huyala mayai hayo, na bakteria huendelea na safari kupitia kwao.

Ukitaka kuangulia chupani, kata kipande cha jani chenye mayai, kiweke juu ya karatasi iliyokunjwakunjwa, funika kwa kitambaa, na usinyunyizie maji. Tone moja humnasa lava aliyeanguliwa sasa hivi. Wakianza kutawanyika, wahamishe kwa brashi laini hadi kwenye mimea yenye vidukari. Ukiwalaza chupani siku ya pili bila chakula, utamkuta mmoja, mnene.

Nywele zenye shanga

*Chini ya majani ya kunde na mpapai kuna nywele nyeupe zimesimama, kila moja ina kitone cha kijani juu yake. Ni ukungu gani huu? – Msomaji, Kilifi*

Si ukungu. Ni mayai ya krisopa, yule mdudu mwembamba wa kijani mwenye mabawa kama chandarua na macho ya dhahabu anayekuja kwenye taa usiku. Umebahatika, maana wengi hupita miaka bila kuyaona.

Jike hutaga usiku. Hugusisha ncha ya tumbo kwenye jani na kuacha tone la ute, kisha huinua tumbo taratibu. Ute unavutika kuwa uzi, naye anatulia sekunde chache uzi ukauke. Ndipo anapoachia yai juu ya ncha yake. Yai halifiki urefu wa milimita moja, uzi unaweza kukaribia sentimita nzima. Sisimizi anayetembea juu ya jani hupita kati ya nyuzi kama mtu anayepita kati ya nguzo za umeme, asijue kilichoko juu. Uzi pia huwalinda watoto dhidi ya wenyewe kwa wenyewe: anayetangulia kutoka huteremka na kwenda zake kabla hajamkuta nduguye. Huko Florida kuna krisopa mwingine ambaye hupaka uzi matone ya majimaji yanayowafukuza sisimizi. Mtafiti Thomas Eisner na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1996. Wapo na jamaa zao wa rangi ya kahawia ambao hawatumii uzi kabisa, hulaza yai moja kwa moja juu ya jani.

Kuhusu kuwaongeza: krisopa wa aina zinazotumika zaidi kwenye kilimo akishakua hali wadudu. Hula chavua, nekta na yale maji matamu yanayotolewa na vidukari, na harufu ya maji hayo ndiyo inayomwambia hapa pana chakula cha watoto. Huko California, mtaalamu wa wadudu Kenneth Hagen alitumia ujuzi huo kutengeneza maji matamu ya bandia ya kupulizia mashambani ili krisopa waje kutaga kabla vidukari hawajajaa. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: chukua gramu 100 za hamira, uimwagie maji yaliyochemka ili ife (isipokufa itachachusha sukari yote), ongeza gramu 100 za sukari, ukamilishe lita moja, uchuje. Nyunyiza jioni, matone makubwa machache, kwenye mstari mmoja kati ya mitano au sita. Ukilowesha shamba zima utapata ukungu mweusi kwenye majani na sisimizi wa mtaa mzima. Na kama hakuna krisopa jirani, hutamwita kutoka hewani.

Wanaonunua, wanunue mayai au lava, si wakubwa. Krisopa aliyetoka kwenye pupa (kifuko anamogeukia kutoka lava kuwa mkubwa) husafiri usiku wa kwanza na wa pili bila kujali umemwandalia nini. Utakuwa umemnunulia jirani wa kilomita kadhaa. Mayai ya dukani huwa yameshaondolewa nyuzi na kuchanganywa na pumba, kwa hiyo kinga yake yote imebaki kiwandani. Subiri mpaka mengi yawe ya kijivu na machache yameanguliwa, kisha nyunyiza pumba zile jioni wakati majani yana unyevu kidogo. Kwenye majani makavu zitadondoka chini, na huko sisimizi wanangoja.

Wanaruka tu, hawatagi

*Nimeacha dawa mwezi mzima. Vidukari wamejaa kwenye kunde, wadudu kibibi nawaona, na wale nzi wenye michirizi wanaosimama hewani pia nawaona, lakini mayai hakuna. Mmetudanganya? – Msomaji, Singida*

Hapana, ila hukutueleza jambo moja: je, kuna sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye mashina? Tunabashiri wapo. Sisimizi hunywa yale maji matamu na huwalinda vidukari kama mfugaji na ng'ombe wake. Huwafukuza wadudu kibibi na hubeba mayai wanayoyakuta. Kwenye miti, zungushia shina utepe wa plastiki uliopakwa grisi (usipake grisi kwenye gome lenyewe). Kwenye kunde hakuna shina la kuzungushia, kwa hiyo tafuta matundu yao pembeni mwa shamba, uyachimbue na kumimina maji ya moto mbali na mizizi, urudie baada ya siku tatu. Wasomaji wa pwani wasituelewe vibaya: maji moto wa kwenye minazi hawaguswi, wale hulinda nazi changa dhidi ya kunguni wa minazi.

Sababu ya pili ni uchelewaji. Mdudu kibibi jike anapendelea kutaga kundi la vidukari likiwa bado changa. Watoto wake wanahitaji wiki mbili au zaidi kukua, na kundi lililokwisha kujaa litaota mabawa na kuhama kabla hawajamaliza. Isitoshe, lava anapotembea huacha alama ya kemikali kutoka ncha ya tumbo lake. Jike akiikanyaga anajua kuna midomo iliyomtangulia, na kwamba mayai yake yataliwa. Huondoka kutaga kwingine. Kwa hiyo kabla hujasema hakuna mayai, tafuta lava. Ukiwakuta, mayai yalikuwepo, wewe ndiye ulichelewa kuyaona.

Ya tatu inawahusu wale nzi wa maua. Lava wao, vijifunza visivyo na miguu, ni walaji wakubwa wa vidukari, lakini jike asipokula chavua mayai yake hayakomai. Anazunguka, anakunywa nekta, hatagi. Shamba la kunde tupu halimtoshi. Ana mdomo mfupi na ua la kunde ni la kina. Panda giligilani (dania) mstari mmoja kila baada ya mita kumi hivi, uiache itoe maua, na upande nyingine kila wiki tatu ili maua yasikatike. Wakulima wa letasi isiyotumia dawa za viwandani, katika bonde la Salinas kule California, hupanda maua ya alisamu katikati ya letasi kwa sababu hiyo hiyo. Mayai yao usiyatafute kwa vishada: ni meupe, moja moja, yamelala juu ya jani kama punje ndogo ya mchele, mara nyingi katikati ya vidukari wenyewe. Huanguliwa siku ya pili au ya tatu.

Kama vidukari wamekuzidi na lazima ufanye kitu, tumia maji ya sabuni kwenye mimea iliyoelemewa tu. Sabuni huua inachokigusa kikiwa laini. Mayai mengi hupona, lava wachanga hawaponi. Kwa hiyo ukikuta mayai yameshakuwa kijivu, weka bomba chini siku mbili. Dawa za jamii ya pairethroidi hazina huruma hiyo. Hubaki kwenye jani na kumngoja lava atakapotoka.

Je, vunjajungu?

*Nina vifuko vinne vya mayai ya vunjajungu kwenye ua. Nivihamishie shambani? – Msomaji, Mombasa*

Viache uani. Kifuko kimoja kile kama povu lililokauka kinaweza kutoa makumi ya watoto, wakati mwingine zaidi ya mia, lakini huanza kwa kulana, na waliobaki hula nyuki na nzi wa maua kwa hamu ile ile wanayowalia viwavi. Vidukari hawana habari nao.

Wadudu 1,500 kwa mfuko mmoja

*Hapa Minnesota nilinunua mfuko wa wadudu kibibi 1,500 kwa ajili ya bustani yangu ya sukuma. Niliwaachia mchana, kesho yake hawakuwepo, na sikuona yai hata moja. – Msomaji, Minneapolis, Marekani*

Wengi wa wale wanaouzwa kwa mifuko Marekani huokotwa milimani California, ambako hukusanyika kwa maelfu kulala msimu wa baridi. Jike aliye usingizini vile ana mafuta mwilini lakini hana mayai. Akiamshwa, silika yake ya kwanza ni kuruka, ayachome mafuta yale kwanza, ndipo ale, ndipo atage. Wewe ulimwachia juani, akafanya alichoumbiwa.

Ukitaka kurudia, wape maji kwanza kwa kunyunyizia mfuko, lowesha mimea, waachie jua likishazama chini ya mmea wenye vidukari wengi kweli. Hata hivyo wengi wataondoka ndani ya siku chache. Kwa bustani ya nyumbani tungekushauri fedha hiyo ununulie mayai au lava wa krisopa.

Ajabu ni kwamba ni California hiyo hiyo iliyoonyesha dunia kazi ya mdudu kibibi. Michungwa ilikuwa inakufa kwa mdudu gamba mwenye kifuko cheupe kama pamba. Mwaka 1888 mtaalamu wa wadudu Albert Koebele alitumwa Australia, na mizigo yake mitatu ya kwanza ilifika na wadudu kibibi 129 tu, aina ya rodolia. Waliwekwa ndani ya hema lililofunika mchungwa mmoja. Tofauti na wale wa mfuko wako, hawa walikuwa tayari kutaga, na rodolia hutaga mayai yake mekundu juu ya mdudu gamba mwenyewe au kwenye kifuko chake. Lava akianguliwa, chakula kiko chini ya miguu. Miaka miwili haikuisha, michungwa ikawa imepona.

Utitiri mwindaji, kwa kifupi

*Kwenye waridi tunaachia utitiri wanaokula utitiri wekundu. Mayai tunayatofautishaje? – Msomaji, Naivasha*

Ana miguu minane, si mdudu, lakini swali ni zuri. Yai la utitiri mwekundu ni duara kamili kama shanga ya kioo. La mwindaji ni refu kidogo kama yai la kuku, ukubwa wake kama mara mbili ya lile, na lina wekundu hafifu wa pichi. Unyevu hewani ukishuka chini ya asilimia 60, mayai ya mwindaji husinyaa ilhali ya adui hayajali. Wakati wa kiangazi nyunyizieni ukungu wa maji kwenye njia.

Tunakata majani, wanatoweka

*Tunalima nyanya kwenye nyumba ya kitalu. Kuna kunguni wadogo wa kijani wanaokula mayai ya kantangaze (nondo ambaye viwavi wake huchimba majani ya nyanya) na inzi weupe. Kila tukipunguza majani ya chini wanapungua mno. Kwa nini? Mayai yao hatujawahi kuyaona. – Msomaji, Arusha*

Hamjayaona kwa sababu yako ndani ya mmea. Kunguni hao, aina ya nesidiokoris, hawabandiki yai juu ya jani. Jike hutoboa kikonyo au shina laini na kulizika yai humo, likabaki na kifuniko kidogo tu usawa wa ngozi. Hata kwa lenzi ni kazi kukiona. Ndugu zao wa mbali, orius wa kwenye pilipili hoho, hufanya vivyo hivyo. Mnapokata majani na kuyatoa nje siku hiyo hiyo, mnatoa kizazi kijacho kwa toroli.

Punguzeni majani machache kwa awamu, tuseme mawili au matatu kwa mmea kila wiki badala ya sita kwa siku moja. Kabla ya kutoa nje, yakagueni: yenye mifereji ya kantangaze yafungeni kwenye mfuko yatoke leo. Yaliyo safi yalazeni kati ya mistari kwa siku nne au tano, mayai yaliyokaribia yaanguliwe na watoto wapande mashina. Jani likikauka kabisa, yai lililozikwa humo hukauka nalo, kwa hiyo yawekeni kivulini, si kwenye njia inayopigwa jua.

Angalizo moja. Mawindo yakiisha, kunguni hawa hugeukia mnyanya wenyewe, na mtaona pete za kahawia kuzunguka vikonyo na vichipukizi, ambavyo huvunjika kwa kuguswa. Hapo ndipo kukata majani na kuyatoa nje siku hiyo hiyo kunageuka kuwa dawa.